Simu ya kazi ilinikuta wodini na mtoto, sasa naitwa kikaoni

Shikamoo Mama,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tabora, nina miaka 41. Naishi Kansas City, Marekani, na mke wangu na watoto wetu wawili. Nafanya kazi reli, kwenye treni za mizigo. Cheo changu huku kinaitwa kondakta, na neno hilo limemtesa sana mama yangu nyumbani, maana majirani wanadhani nilivuka bahari kuja kuning'inia mlangoni mwa daladala. Kwa reli ya kwetu ningeitwa gadi. Kwenye treni tupo wawili tu, dereva na mimi. Treni inaweza kuwa na urefu wa maili mbili, na behewa likileta matata huko katikati ni mimi ninayeshuka na tochi kulifuata kwa miguu, iwe theluji, iwe mvua ya mawe.

Kazi yenyewe siichukii. Tatizo ni kwamba sina ratiba. Jina langu lipo kwenye orodha. Treni ikipatikana simu inalia, na nina saa moja na nusu niwe nimefika. Inaweza kulia saa nne asubuhi, inaweza kulia saa tisa usiku. Tunafika mji wa mbali, nalala hoteli, nangoja simu nyingine ya kunirudisha. Sheria inasema tusizidi saa 12 kazini, kwa hiyo zikiisha tunasimamisha treni hapo hapo, hata kama ni katikati ya mashamba ya mahindi, tunangoja gari lije kutuchukua. Kungoja huko kwenye hesabu si kazi na si mapumziko. Ukifika nyumbani unalala huku sikio liko kwenye simu.

Halafu kuna pointi. Kila mmoja wetu amepewa pointi zake. Ukikosa simu zinakatwa, na ukikosa mwisho wa wiki zinakatwa zaidi. Kuzirudisha inabidi ukae muda mrefu bila kukosa simu hata moja. Zikiisha, unaitwa kwenye kikao cha nidhamu.

Mtoto wetu wa pili ana miaka sita na ana selimundu. Mwenye mtoto wa namna hii anajua, huwezi kupanga maumivu yaje lini. Mwezi uliopita, usiku wa kuamkia Jumamosi, yalimshika miguuni na kifuani. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikampeleka hospitali mwenyewe, akalazwa. Saa tisa kasoro hivi ndiyo kwanza dawa imemwingia, amesinzia, amekamata kidole changu kimoja cha mkono wa kulia. Simu ikalia. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto, nikanong'ona kwamba niko wodini na mtoto, siwezi kuja. Wa upande wa pili akauliza, "Kwa hiyo unakataa?" Nikasema ndiyo. Akakata.

Wiki iliyofuata nikapata barua. Pointi zimeisha, kikao ni baada ya wiki mbili. Pamoja na barua kuna karatasi nyingine: nikisaini kwamba nimekosa, hakutakuwa na kikao, nitabaki kazini, ila kosa litaandikwa kwenye faili langu.

Mke wangu anasema niache kazi, tutakula tutakachopata. Mwenzangu mmoja kazini anasema anamjua daktari wa kuniandikia kwamba nina mgongo, nipumzike. Mwakilishi wetu wa chama anasema nisisaini, na anataka nisimame kwenye mkutano wa tawi niwaeleze watu yaliyonikuta. Lakini Mama, mimi na chama tumeshaachana moyoni. Mwaka 2022 tulipiga kura ya kukataa mkataba kwa sababu haukuwa na hata siku moja ya ugonjwa yenye malipo. Bunge likatulazimisha mkataba ule ule. Babu yangu alikuwa fundi wa reli Tabora, aligoma mwaka 1960 siku 82 bila mshahara, na mpaka anakufa alikuwa akiisimulia. Mimi hata saa moja sikuruhusiwa. Chama cha namna hiyo kina faida gani?

Nisaini, niache kazi, au nifanyeje?

Baba wa wawili, Kansas City

*

Marahaba mwanangu. Mtoto anaendeleaje? Mpe pole yake, na mama yake pia.

Nianze kwa kukiri kwamba barua yako siisomi kama mtu baki. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa treni. Nimefunika sahani kwa sahani miaka mingi, nikazifunua asubuhi chakula kikiwa kimeota ukungu. Kwa hiyo nikikujibu kwa ukali mahali fulani ujue ukali wenyewe una historia yake.

Karatasi ile usiisaini leo. Iweke mezani, usiichane, usiijibu, mpaka umefanya jambo nitakalokueleza sasa hivi, kwa sababu katika barua yako yote kuna sentensi moja ambayo wewe umeipita haraka na mimi nimeirudia mara tatu. Ulisema: "Niko wodini na mtoto."

Marekani kuna sheria ya mwaka 1993, watu wanaiita kwa herufi zake, FMLA. Mtu aliyefanya kazi miezi 12 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi karibu na kituo chake, na akatimiza saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, ana haki ya hadi wiki 12 kwa mwaka za kuuguza mtoto, mke, mume, mzazi au nafsi yake mwenyewe. Hazina malipo, hilo ulijue tangu mwanzo. Lakini kazi yako inalindwa, bima ya afya inaendelea, na siku iliyolindwa na sheria hii hairuhusiwi kukatwa pointi. Watu wengi wanadhani lazima uzichukue wiki zote kwa mkupuo, kama likizo ya uzazi. Siyo. Kwa ugonjwa wa kudumu unaokuja na kuondoka, unaweza kuzichukua siku moja moja, hata saa chache chache, kadiri ugonjwa unavyobisha hodi. Selimundu ni ugonjwa wa aina hiyo kabisa, na kulazwa hospitali usiku hata mmoja peke yake kunatosha kuhesabiwa ugonjwa mzito.

Sasa rudi kwenye simu ile. Sheria haikutaki utaje jina lake. Inataka umweleze mwajiri vya kutosha ajue kwamba huenda inakuhusu, na umweleze mapema kadiri hali inavyoruhusu. Mtu aliyeko wodini saa tisa usiku, kidole kimeshikwa, akasema yuko wodini na mtoto, amesema vya kutosha. Baada ya hapo zamu ilikuwa ya kampuni kukuandikia, ndani ya siku tano za kazi, kama una haki hiyo au huna. Walikuandikia? Badala yake walikuletea karatasi ya kukiri kosa. Simu za kuita wafanyakazi kwa kawaida hurekodiwa. Mwambie mwakilishi wako aombe rekodi ya usiku ule kwa maandishi kabla ya kikao. Ukisaini sasa hivi, utakuwa umekiri kosa ambalo pengine halikuwa kosa, na rekodi ile haitasikilizwa na mtu yeyote.

Kesho, au siku yoyote ya kwanza uliyopo nyumbani, omba fomu ya FMLA ya kuuguza mwanafamilia. Ile ya serikali inaandikwa WH-380-F, na kampuni nyingine zina yao inayofanana nayo. Unayo siku 15 za kuirudisha. Mpelekee daktari anayemtibu mtoto kila siku, siyo yule wa zamu aliyemwona usiku ule. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: daktari anaandika "mtoto anahitaji uangalizi wa wazazi", fomu inarudishwa kwamba haieleweki. Mwombe akadirie. Maumivu huja mara ngapi kwa miezi kadhaa, yakija hudumu siku ngapi, kliniki za kawaida ni ngapi kwa mwaka. Daktari akiandika pungufu ya hali halisi, siku utakayozidisha itakuwa kesi nyingine, kwa hiyo usione haya kumkumbusha zile safari za usiku ambazo hakuwepo.

Ukishaipata, itunze kama yai. Kampuni hutazama nani anaitumia Jumamosi na sikukuu. Ukiitumia siku mtoto mzima halafu picha yako ionekane kwenye harusi ya Wakongo wa mtaani kwenu, umebeba sahani ya pilau, hakuna chama kitakachokuokoa.

Kuhusu huyo mwenzako na daktari wake wa mgongo, sina maneno mengi. Uongo wa kwenye karatasi ndiyo njia fupi ya kufukuzwa reli, na ukisema mgongo wako mbovu wanaweza kukuondoa kwenye treni mpaka madaktari wao waridhike kwamba umepona mgongo ambao haukuumwa. Una ukweli mzuri kabisa mkononi, uongo wa nini?

Tuje kwenye chama, kwa sababu naona hapo ndipo moyo wako ulipovunjika.

Babu yako na wenzake wa chama cha reli cha Tanganyika, wakiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, walikaa nje siku 82 kweli. Ilikuwa nchi isiyo huru bado, na reli ndiyo iliyokuwa shingo ya uchumi. Lakini kwa kuwa babu alikusimulia ushujaa, mimi nikusimulie kilichofuata: mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilivunjwa vyote, kikaundwa kimoja tu, NUTA, kilichofungamana na TANU, na Tumbo mwenyewe akawekwa kizuizini. Kwa hiyo usimwonee wivu babu kupita kiasi. Na yeye ngazi ilivutwa miguuni mwake.

Ninyi mmefungwa na sheria nyingine, ya mwaka 1926, iliyotungwa mahsusi kwa reli za Marekani. Kabla ya kugoma lazima mpite milango mingi, usuluhishi, kungoja, tume ya rais, kungoja tena, na ukifika mlango wa mwisho Bunge linaweza kuufunga. Mwaka 1991 mgomo wa reli haukumaliza hata saa 24, Bunge likaumaliza. Na mambo ya pointi sheria hiyo inaweza kuyahesabu kuwa ni mgogoro mdogo, wa kufasiri mkataba, ambao haugomewi kabisa. Mapema mwaka 2022 kampuni ya reli ya BNSF ilipotangaza mfumo wake wa pointi 30, vyama viwili vya wafanyakazi wa treni vilitaka kugoma, na jaji wa shirikisho huko Texas akawazuia. Ndiyo maana nakwambia, hasira yako ina haki, ila umeielekeza kwa mtu aliyefungwa kamba moja na wewe.

Kumbuka mwaka ule ulivyokwenda. Vyama 12, wafanyakazi wapatao 115,000. Mlidai siku 15 za ugonjwa zenye malipo. Tume ya rais ikawapa nyongeza ya mshahara ya asilimia 24 kwa miaka mitano, ikawapa siku moja ya ziada ya shughuli binafsi, na siku za ugonjwa ikawapa sifuri. Vyama vinane vikakubali, vinne vikakataa. Wewe kama kondakta kura yako ilikuwa kwenye kile kilichokataa kwa asilimia 50.87. Hiyo ni sawa na kusema chama chenu kilikuwa kimegawanyika katikati kama embe, na huyo unayekaa naye hotelini huenda alipiga ndiyo.

Bunge likaingia kabla ya tarehe 9 Desemba mliyopanga kugoma. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mkataba, na kwa kura nyingine likapitisha siku saba za ugonjwa. Seneti nayo ikapitisha mkataba kwa kura 80 kwa 15. Siku saba zile zikapata kura 52 dhidi ya 43, wengi walikubali, lakini zilitakiwa 60. Biden, aliyekuwa akijiita rafiki wa vyama vya wafanyakazi, akasaini tarehe 2 Desemba. Mimi siku ile nilizima televisheni.

Watu wengi hadithi yao inaishia hapo, nawe umeishia hapo. Lakini Februari 2023, miezi miwili tu baadaye, kampuni ya reli ya CSX ikakubaliana na vyama viwili, cha mafundi wa njia na cha mafundi wa mabehewa, siku nne za ugonjwa zenye malipo, na siku tatu za shughuli binafsi ambazo mtu anaweza kuzigeuza za ugonjwa. Kampuni nyingine kubwa zikafuata, chama kwa chama, meza kwa meza. Hakuna aliyegoma. Kampuni ziliona haya mbele ya nchi nzima, maana kila Mmarekani alikuwa ameshasikia kwamba mtu anayebeba nafaka na mafuta yake hawezi kuugua hata Jumanne. Kelele za kura yenu ya hapana ndizo zilizofanya asikie. Muulize mwakilishi wako mkataba wa tawi lenu unasemaje leo kuhusu siku za ugonjwa, na ziko ngapi ambazo hujazigusa. Nina wasiwasi kwamba ulipofunga moyo ulifunga na barua za chama bila kuzisoma.

Je, usimame mkutanoni? Nenda, kaa nyuma, piga kura. Kusimama ngoja. Kikao chako kiishe kwanza. Mwakilishi anatafuta mfano hai wa kuwaamsha watu, simlaumu, hiyo ndiyo kazi yake, lakini wewe una mtoto wa miaka sita na huna deni la kuwa bango la mtu. Ukishapata ulinzi wa maandishi ndipo ueleze, na uwaeleze hasa habari ya ile fomu, kwa sababu nina hakika hapo kwenu kuna wengine wanaouguza wazazi na wake zao kwa siku za kuiba.

Mwisho, mkeo. Umeandika "anasema niache kazi" kama vile ni moja ya maoni matatu, sambamba na la mwenye daktari wa mgongo. Huyu ndiye anayerudi kutoka kugeuza wazee wa watu usiku kucha na kukuta kitanda hakina mtu. Mume wangu alipokuwa akiondoka nilikuwa nasema "acha kazi hiyo" kila wiki, na sikuwahi kumaanisha aache kazi. Nilimaanisha: niambie utakuwepo lini. Keti naye, muulize anamaanisha nini.

Kama kweli anamaanisha uache, wekeni hesabu mezani. Bima ya reli ndiyo inayolipa wodi ile. Pensheni ya reli ni tofauti na ya wafanyakazi wengine wa Marekani, na ukishatimiza miezi 60 ya utumishi haki yako ya kuipata uzeeni imesimama hata ukiondoka. Kama ulipiga kura 2022 nadhani umeshafika au unakaribia. Halafu ulizia kazi za yadi, za kupanga mabehewa. Zinakwenda kwa aliyetangulia kuajiriwa, na mara nyingi mfuko unapungua, lakini nyingi zina zamu. Katika nyumba yenye mtoto wa selimundu na mama wa zamu ya usiku, mmoja wenu akijua Jumatatu kwamba Alhamisi atakuwa nyumbani, hiyo ni dawa pia. Pengine ukongwe wako bado haufiki. Ulizia hata hivyo, jina liwe kwenye foleni.

Fomu ikishajazwa toa nakala tatu. Moja ya kampuni, ipeleke kwa njia itakayokuachia risiti. Moja ya mwakilishi. Ya tatu mpe mkeo aiweke kwenye mkoba anaoubeba hospitali, ili simu ikilia tena na wewe uko mashambani unangoja gari, yeye awe nayo. Kisha niandikie kikao kilikwendaje.